Fisi Mlinda Bucha

Wamenikabidhi bucha, mimi fisi.
Fisi wa madoa ya buluu, sikio moja lina pete tatu,
nimejichora hivyo tangu nina miaka kumi na tisa.
Mchana naitwa Marlys, natengeneza meno ya bandia
katika ghorofa ya chini, mjini Duluth;
usiku, barafu ya ziwa ikilia kama bawaba kavu,
nalinda picha za watu nikiwa na soksi mbili mbili:
mbweha wa miwani, fisi maji mkata tiketi,
joka mnene anayeogopa daktari wa meno
(huyo nilimcheka, kisha nikamhifadhi).

Jumanne alfajiri mtu aliingia.
Hakuvunja kitu. Mwizi mwenye adabu ndiye wa kuogopwa.
Alipenya kwenye programu ya kupunguza picha,
ufa niliosema nitauziba wiki ijayo,
na wiki ijayo ikawa na miezi minne.
Kawia ufike, husemwa.
Nilikawia mimi, akafika yeye.

Waliuliza kwa hofu, nikawaeleza hivi:
neno lako la siri hatuliweki kama ulivyolileta.
Tunalitia chumvi, tunalisaga,
unga ndio tunaouweka.
Ukirudi kesho na mahindi yako
tunasaga tena, tunalinganisha unga kwa unga.
Mwizi kaiba unga. Haurudi kuwa mahindi.
Ila
(hapa nilifuta sentensi mara tatu)
ana kinu chake, na ana subira,
atasaga kila neno alijualo mpaka unga ufanane.
Kama neno lako ni jina la mtu, libadilishe leo.

Wakabadilisha, kwa matusi na kwa utani.
Dewitt wa Tulsa hakuuliza habari za neno.
Aliuliza kama jina lake la kazini limo kwenye orodha.
Anafundisha hesabu; shuleni hakuna ajuaye
kwamba jioni yeye ni mbweha jike mwenye gauni la zambarau.
Limo, nikamwambia.
Kimya.
Kisha: asante kwa kutonidanganya.
Ningependa anitukane.

Akabaki mmoja. Orrin Haugland wa Bemidji,
miaka sabini na minne, malori yamempinda mgongo.
Huchora sungura mmoja tu, jike, mwenye aproni:
anaosha sufuria, anasoma ramani juu chini,
amelala kiti cha mbele, mdomo wazi, theluji dirishani.
Picha mia sita. Hakuna yenye kichwa.
"Sibadilishi," aliandika. Nikampigia simu.
Usinitajie neno lenyewe, nikamsihi.
Akalitaja.
Verna, na mwaka wa lori la kwanza.

"Kila asubuhi vidole vinamtaja," akasema,
"kabla mdomo haujaamka.
Hakuna mahali pengine ninapoulizwa jina lake."

Kanuni ninazo, nimeziandika mwenyewe:
herufi kumi na sita, usitumie jina, usirudie.
Sikusoma hata moja. Nilisikiliza friji yake
ikinguruma upande wa pili wa Minnesota.
Mwishowe nikasema, mlango si mahali pa kumweka, Orrin.
Mlango hushikwa na kila mtu.
Akakata simu.

Alhamisi, saa tano usiku, unga wake ukabadilika.
Ndicho ninachoweza kuona: herufi sitini zisizo na maana,
na ndivyo inavyopasa.
Dakika kumi baadaye ikaja picha mpya.
Sungura na kinu cha kahawa cha mkono,
unga hadi kwenye ndevu, anacheka,
na chini yake, kwa mara ya kwanza, kichwa:
Verna Anasaga.

Kisha za zamani zikaanza kusogea.
Verna Anaosha Sufuria.
Verna na Ramani.
Verna, Fargo, Tusingefika Bila Yeye.
Moja moja, kwa mwendo wa mtu anayechapa kwa kidole kimoja.
Nilihesabu hadi arobaini na moja,
nikakumbuka kuna meno ya mtu
yanayotakiwa saa mbili asubuhi.